Trekta dogo linalokata nguvu likipanda kilima: uchambuzi wa kisa kimoja

Malalamiko ya mwenye trekta yalikuwa mafupi: "Fundi, tambarare linakata nyasi bila shida. Nikilielekeza kilimani linaishiwa pumzi." Maelezo mafupi namna hiyo ndiyo huwapoteza wengi, maana kilima kinaweza kuumbua karibu kila sehemu ya trekta, kuanzia tairi hadi nozeli. Kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa urefu kwa sababu kabla hakijafika mikononi mwangu, injini nzima ilikuwa imeshahukumiwa kufunguliwa, na injini ile haikuwa na kosa lolote.

Trekta lenyewe lina injini ya dizeli ya silinda 3, nguvu za farasi 24, bila tabo. Mwendo wake ni wa haidrostatiki, yaani nguvu ya injini inafika magurudumuni kwa msukumo wa oili, na unakanyaga pedali badala ya kuchagua gia wakati wa kazi, ingawa lina mkono wa kuchagua kasi ndogo na kubwa. Deki ya kukatia nyasi inaning'inia tumboni, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ikizungushwa na shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye vifaa vya kazi. Tangi la mafuta liko nyuma, chini ya kiti, na injini iko mbele. Mafuta yanatoka tangini, yanapita kwenye mpira chini ya sakafu ya miguu, yanaingia kwenye kikombe cha filta kando ya injini, kisha yanafika kwenye pampu ndogo ya kuvuta, ambayo inayasukuma hadi pampu ya nozeli, ile inayoyapeleka kwa msukumo mkubwa kwenye nozeli zinazoyanyunyizia ndani ya silinda. Msomaji aushike mpangilio huu. Njia yote kuanzia tangini hadi kwenye ile pampu ndogo ni njia ya kunyonya, hakuna kinachosukuma mafuta humo isipokuwa uzito wa mafuta yenyewe.

Dalili nilizopewa, na nilizothibitisha baadaye, ni hizi. Tambarare injini ilikaa kwenye mizunguko 2,600 kwa dakika hata kwenye nyasi nene. Ikianza kupanda, sauti ilishuka taratibu, kisha ikaanza kumisi na kutetemeka, mizunguko ikaporomoka chini ya 2,000, na dereva asipoinua mguu injini ilizima. Akigeuza na kushuka, nguvu zilirudi zote kana kwamba hapakuwa na tatizo. Hali ilikuwa mbaya zaidi tangi likiwa chini ya nusu, na mbaya zaidi baada ya kufanya kazi kwa muda kuliko asubuhi.

Filta ya dizeli ilikuwa imebadilishwa zaidi ya mara moja. Kila ilipobadilishwa, trekta lilipanda vizuri kwa muda, kisha ugonjwa ukarudi. Filta ya hewa nayo ilikuwa mpya. Baada ya hapo ndipo lilipokuja shauri la kushusha pampu ya nozeli, na ikishindikana, kufungua injini kwa kuwa eti kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, imeshuka.

Shauri hilo la kompresheni lilinisikitisha, na nitasema kwa nini. Injini iliyolika ringi haijui kilima kiko wapi. Inasumbua kuwaka asubuhi, inatoa moshi wa buluu kwa kuunguza oili, inapumua sana kwenye kifuniko cha kujazia oili, na inakuwa dhaifu kila mahali, pamoja na kwenye nyasi nene za tambarare. Hii iliwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo, haikula oili, na tambarare ilibeba mzigo wake wote. Kumwambia mtu afungue injini ya namna hiyo ni kumwingiza kwenye gharama kubwa kwa kubahatisha.

Mambo matatu yanayobadilika kwa pamoja

Trekta likianza kupanda, mambo matatu hubadilika kwa wakati mmoja, na kazi ya kwanza ya anayetafuta ubovu ni kuyatenganisha.

La kwanza ni mzigo. Chukua trekta la uzito wa kilo 1,000 pamoja na deki na dereva, kwenye mteremko wa nyuzi 15, likienda kilomita 5 kwa saa. Kuuinua tu uzito huo kunadai karibu kilowati 3.5. Injini ya farasi 24 ina karibu kilowati 18 zote kwa jumla. Kwa hiyo sehemu moja ya tano ya nguvu imeshaliwa na kilima kabla kisu hakijagusa jani, na mfumo wa haidrostatiki nao una hasara zake za joto. Ndiyo maana kushuka kidogo kwa mizunguko kilimani ni jambo la kawaida. Gavana ya injini hizi ndogo, yaani kifaa kinachopima mafuta kulingana na mizunguko, inahitaji mizunguko ishuke kidogo ndipo iongeze mafuta. Kuporomoka kutoka 2,600 hadi chini ya 2,000 pamoja na kumisi ni habari nyingine kabisa.

La pili ni mwinamo. Pua ya trekta inapanda, mkia unashuka, na kila kilicho majimaji ndani yake kinahama: dizeli tangini, oili ya injini, oili ya haidroliki. Kilichokuwa juu ya kingine kinaweza kuwa chini yake.

La tatu ni dereva mwenyewe. Kwenye trekta la pedali, kukanyaga zaidi hakuongezi nguvu. Kunaongeza mwendo, na mwendo zaidi kilimani maana yake ni mzigo zaidi kwa injini ileile. Waliozoea gari huona trekta linapungua kasi nao wanakandamiza pedali hadi mwisho, wakati dawa ni kuinua mguu kidogo, au kushusha mkono kwenye kasi ndogo. Nimeona trekta zima kabisa likiitwa bovu kwa sababu hii moja. Kwa hiyo nilimwomba mwenye trekta aendeshe mwenyewe huku nikitazama mguu wake. Alikuwa anaendesha vizuri, anainua mguu mapema kuliko wengi. Lawama kwa dereva ikaondoka.

Injini au magurudumu?

Swali linalofuata linajibiwa kwa sikio na kwa geji ya mizunguko: kinachokata nguvu ni injini, au ni mwendo? Injini ikibaki kwenye mizunguko yake huku trekta likipungua kasi au kusimama, injini ni nzima. Hapo unatafuta kwenye haidrostatiki: oili imepungua au imechoka, filta ya oili imeziba, au pampu imelika na inavuja ndani kwa ndani oili ikipata moto. Deki nayo ina dalili yake. Mkanda ukiteleza, visu vinapunguza kasi na nyasi zinatoka zimechanwa badala ya kukatwa, lakini injini inabaki imechangamka, wakati mwingine kwa harufu ya mpira unaoungua.

Kwetu injini yenyewe ndiyo iliyozama. Nusu ya trekta ikatoka kwenye orodha ya washukiwa bila kushika spana.

Bado niliikagua deki, kwa kuwa injini inaweza kuzama kwa kubebeshwa mzigo usio wa haki. Injini ikiwa imezimwa, ufunguo umetolewa na deki imeshikiliwa kwa mbao na si kwa haidroliki peke yake, nilizungusha visu kwa mkono. Beringi zilikuwa laini. Chini ya deki palikuwa na nyasi zilizoganda, si nyingi, na visu vilikuwa vimeanza kuwa butu. Tukakwangua na kunoa, kwa kuwa visu butu hula nguvu nyingi, lakini tabia ya kilimani haikubadilika. Breki ya kuegesha haikuwa imenasa, magurudumu yalizunguka huru. Rejeta na wavu wake vilikuwa safi, na geji ya joto haikupanda wakati wa ubovu.

Ushahidi wa moshi

Sasa nikaomba trekta lipandishwe hadi lizame, nami nikisimama pembeni mbali, upande wa juu, nikitazama ekzosi tu. Mtu asisimame chini ya trekta linalopanda likiwa linazimazima.

Moshi mweusi mzito wakati injini inazama una maana kwamba mafuta yapo, hewa haitoshi, au mzigo umezidi. Hapo unarudi kwenye filta ya hewa, kwenye mpira wa kuingizia hewa uliobonyea, kwenye ekzosi iliyoziba, au kwenye deki. Injini inayozama bila moshi mweusi inasema kinyume chake. Gavana imefungua mafuta hadi mwisho, inaita, na hakuna kinachokuja cha kutosha. Vifuko vya moshi mweupe vikichanganyika na kumisi, kuna silinda zinazopata mafuta nusunusu na kuyatema bila kuyaunguza vizuri.

Tuliyoyaona ni hayo ya mwisho. Hapakuwa na weusi wowote. Moshi ulififia hadi karibu kutoonekana, kisha vikaja vifuko vyeupe viwili vitatu pamoja na mtetemeko. Njaa ya mafuta. Kutoka hapo sikuwa na haja tena ya kuangalia filta ya hewa, ingawa ndiyo kila mtu alikuwa anaitaja.

Lakini njaa ya mafuta ina milango mingi. Filta iliyoziba, pampu ndogo iliyochoka, uchafu tangini unaofunika mdomo wa kutokea, maji kwenye dizeli, upepo, yaani hewa, unaoingia njiani, kifuniko cha tangi kisichopumua, pampu ya nozeli yenyewe. Yote haya yanamisi, yote hayana moshi mweusi. Ilibidi kilima chenyewe kitoe jibu.

Kuutenganisha mzigo na mwinamo

Jaribio ninaloliamini kuliko yote kwa ubovu wa aina hii ni kubadilisha kitu kimoja na kuacha kingine palepale. Kwanza tukabaki na mzigo bila kilima. Trekta liliingizwa kwenye sehemu ya tambarare yenye nyasi nene zaidi, deki ikashushwa, pedali ikakanyagwa hadi injini ikaguna. Moshi mweusi kidogo ukatoka, mizunguko ikashuka hadi kama 2,400, ikakaa hapo bila kumisi. Kwa hiyo mafuta ya kubeba mzigo yalikuwa yanafika. Filta iliyoziba au pampu ndogo iliyochoka isingeruhusu hivyo, kwa kuwa kilichoziba kimeziba popote ulipo.

Kisha tukabaki na kilima bila mzigo wa kukata. PTO ikazimwa, deki ikainuliwa, trekta likapanda polepole. Injini haikuzama, lakini katikati ya mlima ilianza kukohoa, kikohozi kidogo ambacho mtu asiyetegea sikio asingekisikia.

Jaribio la tatu ndilo lililonipa jibu. Nilimwomba apande kilima kilekile kinyumenyume, visu vikiwa vimezimwa, mkanda wa kiti umefungwa na fremu ya kumkinga dereva imesimamishwa. Mzigo wa kupanda ni uleule, mlima ni uleule, uzito uleule. Kilichogeuka ni mwinamo peke yake: sasa tangi liko juu na injini iko chini. Trekta likapanda hadi kileleni bila kikohozi hata kimoja. Tukalirudisha mbele, likakohoa. Kinyumenyume, kimya.

Mtu anayefikiria pampu ya nozeli au kompresheni anatakiwa asimame hapa. Hakuna pampu ya nozeli inayolika upande wa mbele tu.

Tahadhari moja kabla ya mtu kulirudia jaribio hili. Miongozo mingi ya mashine za kukatia nyasi za kuendeshwa inaweka nyuzi 15 kuwa mwisho wa mteremko, na inataka upande na kushuka moja kwa moja, si kukata kwa kuambaa ubavuni. Kama kilima chako kinazidi hapo, au ardhi ni tepetepe, usilifanye kwa kuendesha. Kuna njia ya kulifanya trekta likiwa limesimama, nami nitaieleza.

Dumu la pembeni

Baada ya mwinamo kuonekana kuwa ndio kisa, nilitaka kuiondolea lawama pampu ya nozeli mbele ya mwenye trekta, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kuitafutia nyingine. Nikafunga dumu dogo la dizeli safi juu ya bamba la pembeni mwa injini, mbali na ekzosi na feni, kwa mikanda miwili ili lisicheze. Mpira kutoka kwenye dumu nikauunganisha moja kwa moja kwenye mdomo wa kuingilia wa pampu ndogo, nikaruka tangi, mpira mrefu na kikombe cha filta. Nikatoa upepo, tukawasha.

Likapanda kilima likikata nyasi, mizunguko 2,500, moshi wa kawaida. Likarudia, likapanda tena. Kwa hiyo kuanzia pampu ndogo kwenda mbele kila kitu ni kizima: pampu ndogo, pampu ya nozeli, nozeli, gavana, injini. Ubovu umebanwa katika mita moja na nusu ya mpira, kikombe, tangi na kifuniko chake. Dumu hili ni kipimo kisichogharimu chochote, nami sielewi kwa nini pampu za nozeli zinashushwa kila siku bila kukifanya kwanza. Kuliacha dumu hilo liwe tangi la kudumu ni hatari ya moto. Ni la kipimo tu, na linatolewa siku hiyohiyo.

Mpira wa kuonyesha

Nilirudisha njia ya mafuta kama ilivyokuwa, isipokuwa kati ya kikombe cha filta na pampu ndogo niliweka kipande cha mpira wa plastiki unaopitisha mwanga, ule unaostahimili dizeli, nikaufunga kwa klipu pande zote mbili. Trekta tukaliegesha kilimani, pua juu, breki imeshikwa, magurudumu yote ya nyuma yamewekewa vigingi, PTO imezimwa. Injini ikapigwa resi.

Mwanzoni dizeli ilipita ndani ya mpira ikiwa safi kama chai ya rangi. Baada ya muda mfupi kikaja kipovu kimoja, kikafuatwa na kingine, kisha mlolongo wa vipovu vidogo usiokatika. Ndani ya kikombe cha kioo mafuta yalishuka hadi robo, juu yake pamejaa upepo. Tukaligeuza trekta likiwa limeelekea bondeni, vigingi vikahamishwa, resi ileile. Vipovu vikakoma.

Wengi huamini kwamba penye upepo lazima pawe na mvujo unaoonekana. Mpira huu ulikuwa mkavu, au ulionekana mkavu. Hiki hapa ndicho kiini cha kisa chote.

Tambarare, usawa wa dizeli ndani ya tangi ulikuwa juu kidogo ya kikombe cha filta. Uzito wa mafuta ulijaza mpira na kusukuma nje. Penye ufa, kama upo, mafuta yanatafuta kutoka, na ufa ukiwa mdogo yanatoka kiasi cha kulowesha vumbi tu. Trekta likiinama nyuzi 15 pua juu, kikombe kilicho mita moja na nusu mbele ya tangi kinapanda karibu sentimeta 40 kuliko lilipo tangi. Sasa pampu ndogo inavuta mafuta yapande, na ndani ya mpira msukumo unakuwa mdogo kuliko wa hewa ya nje. Tofauti yake ni kama kilopaskali 3 tu, si kitu cha kuibana injini nzima. Lakini ufa uleule uliokuwa unatoa mafuta nje tambarare, kilimani unavuta hewa ndani. Tangi likiwa limejaa, usawa wake uko juu na tofauti ni ndogo. Likiwa nusu, tofauti inakua. Ndiyo sababu ya malalamiko ya "chini ya nusu" ambayo kila mtu aliyasikia na hakuna aliyeyafuata.

Kuupata ufa wenyewe kulihitaji kugeuza hesabu hiyohiyo. Nilisafisha na kukausha njia yote ya mafuta, nikaizungushia karatasi nyeupe laini kwenye kila kiungo, trekta likaachwa limeelekea bondeni, tangi limejaa. Katika mwinamo huo tangi ndilo lililo juu, mafuta yanasukuma kwenda mbele, na ufa hauna namna ila kutoa. Baadaye karatasi zote zilikuwa kavu isipokuwa moja, pale mpira unapoingia kwenye kikombe cha filta. Ilikuwa na doa la duara, dogo kuliko kucha. Nilipolegeza klipu na kuukunja mpira kwa vidole, ufa ukafunguka chini ya klipu, mrefu kama punje ya mchele, upande wa ndani usioonekana ukiwa umesimama.

Mpira ulikuwa umekomaa na kukauka. Na hapa ndipo filta inapoingia tena katika hadithi. Kila filta ilipobadilishwa, mwishoni upepo ulitolewa kwenye njia ya mafuta, kama inavyopaswa. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inaponya trekta kwa muda, wala si filta mpya. Na kwa kuwa kikombe kinashikiliwa na mpira huohuo mkavu, kila kukifungua na kukirudisha kulikuwa kunaukunja mpira palepale kwenye klipu. Naamini ufa ulikuzwa na matibabu yenyewe.

Kifuniko cha tangi

Ufa peke yake ulieleza mwinamo na tangi nusu. Haukueleza kwa nini hali ilikuwa mbaya zaidi baada ya kazi ya muda. Nilimwomba mwenye trekta alitumie kama kawaida, na lilipoanza kukohoa azime, nifungue kifuniko cha tangi taratibu. Kikavuta hewa kwa mlio mfupi wa kusikika wazi.

Tangi lazima lipumue. Injini ya ukubwa huu kazini inakula kama lita 4 hadi 5 kwa saa, na kila lita inayotoka lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa. Chukua tangi lenye nafasi ya hewa lita 15. Ukitoa lita moja ya mafuta bila kuingiza hewa yoyote, msukumo ndani unashuka kwa karibu kilopaskali 6, mara mbili ya ile tofauti iliyoletwa na mwinamo. Kipumulio cha kifuniko hiki hakikuwa kimeziba kabisa. Kingeziba kabisa, injini ingezima hata tambarare. Kilikuwa kimejaa vumbi la nyasi lililoshikana na dizeli, kinapitisha hewa kidogo kuliko inayohitajika injini ikiwa kazini, na upungufu ukawa unajilimbikiza. Kwa hiyo asubuhi ufa ulikuwa na kilima peke yake. Baadaye ulikuwa na kilima pamoja na tangi linalovuta nyuma.

Katika mashine za kukatia nyasi hili ni jambo la kulitazamia. Tangi chini ya kiti liko ndani kabisa ya wingu la makapi. Kipumulio kisafishwe kwa hewa ya kompresa, au kifuniko kibadilishwe kwa kingine cha aina hiyohiyo chenye tundu. Kutoboa tundu kubwa kwenye kifuniko, kama wanavyofanya wengine, kunaingiza maji na vumbi, na kilimani kunamwaga dizeli.

Tulichofanya

Mpira wote wa kunyonya ulibadilishwa, si kipande chenye ufa, maana mpira uliokomaa mahali pamoja umekomaa kote. Mpira wa marejesho wa kurudisha mafuta tangini nao ukabadilishwa, ingawa haukuwa na lawama. Klipu za kukaza kwa bisibisi, ambazo zina meno yanayokata mpira mwembamba, zikaondolewa, zikawekwa za springi zinazobana sawasawa pande zote. Oringi ya kikombe ilikuwa imebonyea, ikawekwa mpya. Tangi likatolewa mafuta na kuoshwa. Hapakuwa na uchafu wa maana chini. Kipumulio kikasafishwa. Mwisho upepo ukatolewa: skrubu ya juu ya filta ikalegezwa, mafuta yakaruhusiwa kutiririka hadi vipovu vikaisha, ikakazwa.

Kwa anayeifanya kazi hii mwenyewe: upande huu wa kunyonya hauna hatari kubwa isipokuwa ile ya moto. Upande wa pili, kutoka pampu ya nozeli kwenda kwenye nozeli, ni jambo jingine. Huko mafuta yana msukumo wa kupenya ngozi. Kamwe usitafute mvujo wa huko kwa kidole injini ikiwa inanguruma. Na dizeli ikimwingia mtu chini ya ngozi, hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano, apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kama dumu lisingebadilisha kitu

Wapo watakaosoma haya wakiwa na trekta lenye dalili zinazofanana, walifunge dumu, na trekta lizame vilevile. Hapo kisa chao si hiki. Wapime pampu ndogo: tenganisha mpira wake wa kutokea, uelekeze kwenye chupa, uzungushe injini kwa stata bila kuiwasha, au kama pampu ni ya umeme fungua ufunguo tu. Mafuta yatoke kwa mkondo wenye nguvu na usiokatika, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Mkondo dhaifu unaihukumu pampu hiyo ndogo. Mkondo ukiwa mzuri, angalia kama mkono wa mafuta unafikisha pampu ya nozeli mwisho wake. Waya uliovutika au mkono unaojirudisha kwa mtetemeko huiba mizunguko bila kelele. Baada ya hapo ndipo nozeli zipelekwe kupimwa kwenye mashine yake, na kompresheni ipimwe kwa geji, silinda kwa silinda. Ikifika huko, mwenye trekta ana haki ya kuonyeshwa namba, silinda ipi ina ngapi, kabla hajakubali kitu chochote kifunguliwe.

Trekta letu sasa linapanda kilima kile likikata, tangi likiwa robo, bila kikohozi. Sehemu ya juu kabisa, ambako mteremko unakaza na nyasi ni ndefu, mizunguko bado inashuka kutoka 2,600 hadi kama 2,350, moshi unakolea kidogo, na injini inakaa hapo. Mwenye trekta aliniuliza kama kuna kilichobaki. Nikamwambia, "Hapana mzee, hapo ni farasi 24 ndio wameisha." Akifika sehemu ile anashusha mkono kwenye kasi ndogo, anainua deki tundu moja, anazikata nyasi mara mbili.